Jenereta inanguruma kila jioni, betri hazijai

“Nina Hiace ya zamani niliyoitoa viti nikaigeuza gari la kulala. Naishi Tanga mjini. Mara kwa mara tunashuka Pangani na familia, tunavuka kwa pantoni, tunapiga kambi Ushongo siku tatu hadi nne bila umeme. Ndani kuna betri mbili za maji za AH 100 zilizoungwa pamoja, friji ya volti 12 ya wati 45, feni mbili, taa na kuchaji simu nne. Nina jenereta ndogo, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, wati 650. Natoa waya kwenye tundu lake la volti 12 na kuchaji kwa saa 3 kila jioni. Usiku wa pili, karibu na alfajiri, friji inazima, samaki wanaharibika. Fundi mmoja kasema betri zimekufa. Wa pili kasema jenereta ni ndogo, nitafute ya kilowati 5. Wa tatu kanitisha kwamba chaja kubwa inaua betri. Nimsikilize yupi?”

Pole kwa samaki, ndugu yangu. Mafundi wako wamekuandikia dawa kabla ya kupima mgonjwa, na hiyo ndiyo njia ya kununua vitu vitatu kwa tatizo la kitu kimoja. Kwa maelezo uliyotoa, jenereta yako inatosha kazi hii, betri bado hazijahukumiwa, na kinachokosekana ni chaja. Lile tundu la volti 12 si chaja, hata kama picha ya betri imechorwa pembeni yake.

Tuanze na hesabu ya matumizi, maana bila hiyo kila ushauri ni kubahatisha. Friji ya wati 45 inavuta karibu ampea 4 inapozunguka. Kwa joto la pwani, ndani ya gari, itazunguka kama nusu ya muda au zaidi kidogo, kwa hiyo kwa siku inakula AH 50 hivi (AH ni ampea ukizidisha kwa saa). Feni mbili za ampea moja moja, usiku wa saa 9, ni AH 18. Taa za LED ni kama AH 5. Simu nne, ukihesabu na kinachopotea kwenye adapta, ni AH 8. Jumla inakaribia AH 80 kila siku. Friji peke yake inachukua zaidi ya nusu, kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa upande wa kuingiza. Kwenye jenereta nyingi za aina yako tundu la volti 12 limeandikwa ampea 8.3. Hiyo ni namba ya juu kabisa, inapatikana betri ikiwa chini sana na waya ukiwa mfupi. Ndani ya jenereta kuna koili ndogo ya pembeni na daiodi chache, basi. Hakuna kinachopima betri wala kinachosukuma volti zipande kadiri betri inavyojaa. Betri ikifika volti 13 na kitu, ampea zinashuka zenyewe hadi 5 au 6. Ukiwa umetumia waya wa taa wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 5, waya huo unakula zaidi ya nusu volti njiani, na hapo ampea zinapungua tena. Chukua ampea 5.5 kwa saa 3: ni AH 16.5. Betri ya maji haitunzi kila kinachoingia, karibu asilimia 15 inapotea kama joto na mapovu. Kwa hiyo jioni nzima ya kelele imekuletea AH 14.

Mkiondoka Ijumaa mchana betri zikiwa zimejaa, kufika Jumapili alfajiri ni saa 41. Mmetumia AH 137, mmerudisha 28. Katika 200 mmebakiwa na 90 hivi, chini kidogo ya nusu, na friji inazima. Hiyo ni tabia ya betri nzima zilizolishwa kidogo. Zilizokufa zingezima usiku wa kwanza.

Utauliza, mbona izime wakati nusu bado ipo? Friji hizi zina kinga inayozizima volti zikishuka, na kwenye nyingi unaweza kuiweka juu, kati au chini. Ikiwa imewekwa juu, inakata volti zikifika kwenye 11 na kitu mlangoni pake yenyewe, si kwenye betri. Betri inaweza kuwa na 12.1, waya mwembamba kutoka betri hadi friji ukala nusu volti kompresa ikiwaka, friji ikaona 11.6 na kuzima. Usikimbilie kuiteremsha kinga hiyo ili friji iendelee. Inakulindia betri. Badilisha waya wa friji uwe wa milimita 6, kisha iweke kati.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni jinsi betri ya risasi na asidi inavyojaa, na ukilielewa hili mengine yatakuwa mepesi. Fikiria watu wanaopakia jahazi. Magunia ya kwanza yanashushwa ngamani haraka haraka, nafasi ni tele. Yakifika usawa wa ubao wa juu, kila gunia linatafutiwa pembe, linasukumwa, linasubiri lingine lisogezwe. Magunia kumi ya mwisho yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko hamsini ya kwanza, hata ukileta wapagazi mia.

Betri ni hivyo hivyo. Kutoka nusu hadi asilimia 80 inameza ampea zote unazoipa, na volti zake zinapanda taratibu. Zikifika 14.4 hivi, chaja nzuri inazishikilia hapo, na betri yenyewe ndiyo inaanza kupunguza inachomeza: 25, 15, 8, 4. Kemikali iliyo ndani kabisa ya sahani inahitaji muda kufikiwa na asidi. Hiyo asilimia 20 ya mwisho inachukua saa 4 hadi 6, na huwezi kuiharakisha kwa jenereta kubwa. Ndiyo maana fundi anayekuambia ununue kilowati 5 amekosea mahali pa kutazama. Jenereta haiamui betri ijae kwa kasi gani. Chaja ndiyo inayoamua, kisha betri. Kuwasha kilowati 5 ili kulisha chaja ya wati 400 ni kukodi lori kubeba kikapu kimoja cha dagaa: petroli inakwenda mara mbili au zaidi, plagi inajaa masizi kwa kufanya kazi bila mzigo, na betri inajaa kwa muda ule ule.

Basi nunua chaja inayochomekwa kwenye tundu la volti 230 la jenereta. Iwe ya elektroniki yenye hatua tatu, yaani inasukuma ampea zote, kisha inashikilia volti, kisha inashuka kwenye 13.5 hivi ya kutunza. Achana na zile nzito za transfoma zenye mshale na swichi ya “chini/juu”. Kwenye umeme wa TANESCO zinafanya kazi, ingawa hazijui kuacha na unaweza kurudi ukakuta betri inachemka. Kwenye jenereta ndogo zina tatizo jingine: zinategemea kilele cha wimbi la umeme, na jenereta ndogo ikibebeshwa mzigo kilele hicho kinabapa. Chaja iliyoandikwa ampea 20 inakupa 10, nawe unadhani imeharibika.

Ukubwa gani? Kwa betri za maji zenye jumla ya AH 200, kati ya asilimia 10 na 20 ya hizo AH, yaani ampea 20 hadi 40. Jenereta yako ndiyo itakayoweka mpaka. Ampea 25 kwa volti 14.4 ni wati 360 zinazotoka. Ukigawa kwa 0.85 ya ufanisi, zinazoingia ni wati 425. Hapo unaona 650 inatosha na chenji inabaki. Lakini chaja nyingi za bei rahisi zinavuta umeme kwa mikupuo, si kwa ulaini, na jenereta inauhisi mzigo huo kama 650 kamili. Itanguruma, itashuka sauti, itakata. Tazama kwenye maelezo ya chaja: ikitajwa PFC, yaani saketi inayolainisha uvutaji huo, ya 0.9 au zaidi, chukua ya ampea 25 na hata 30 itabebwa. Isipotajwa, chukua ya ampea 20 ulale usingizi.

Kwa chaja ya ampea 25, saa 3 zile zile zinaingiza AH 75, na zinazobaki baada ya hasara ni 64. Kutoka 14 hadi 64, kwa jenereta ile ile na petroli isiyozidi sana.

Fundi wa tatu ana ukweli nusu. Chaja kubwa kupita kiasi inaweza kuchemsha betri ya maji, lakini kwa ukubwa niliokutajia uko salama. Kinachoua betri za huku kwetu zaidi ni joto na njaa. Joto kwanza: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri unapungua karibu nusu. Betri iliyofungiwa chini ya kitanda cha Hiace iliyoegeshwa juani wakati wa kaskazi si ajabu kufika nyuzi 40. Volti 14.4 ninazotaja ni za nyuzi 25. Betri ikiwa na nyuzi 35, punguza hadi 14.1 au 14.2. Chaja yenye waya wa kupima joto unaobandikwa ubavuni mwa betri inafanya hivyo yenyewe, na mimi ningelipa zaidi kwa ajili ya waya huo kuliko kwa skrini ya rangi. Gusa betri wakati inachaji. Vuguvugu ni sawa. Kama mkono hauvumilii, zima.

Njaa ni ile hali ya kubaki nusu siku baada ya siku. Sahani zinafunikwa na chumvi nyeupe ya salfeti. Ikikaa wiki kadhaa inakuwa ngumu kama gaga la sufuria, haiyeyuki tena kwa kuchaji. Kwa mtindo uliokuwa unautumia, sitashangaa ikiwa betri zako zimeshapoteza sehemu ya uwezo. Zipime kabla ya kumwamini fundi wa kwanza au mimi.

Kupima ni hivi. Zichaji nyumbani kwa TANESCO usiku kucha. Zitenganishe, ziache saa 12 bila kitu chochote kuungwa. Pima kila moja kwa multimita: 12.6 hadi 12.7 ni iliyojaa; 12.4 au chini baada ya kuchajiwa vizuri ni dalili mbaya. Halafu chukua balbu ya halojeni ya taa ya mbele ya gari, ile ya wati 60, inavuta karibu ampea 5. Iunge kwenye betri moja kwa saa 10, ambayo ni kama AH 50, nusu ya uwezo. Zima, subiri saa moja, pima. Ukipata 12.1 na kuendelea, betri hiyo ni nzima. Ikishuka hadi hapo kwa saa 5 tu, una betri ya AH 50 iliyovaa stika ya AH 100. Usiiache balbu bila kuitazama, inaunguza, iweke juu ya bati au kigae. Rudia kwa betri ya pili, maana betri moja mbovu iliyoungwa sambamba na nzima inainyonya mwenzake usiku kucha.

Fundi mwenye kipima asidi atakupa jibu la haraka zaidi. Seli zote sita zisome 1.265 hadi 1.280 betri ikiwa imejaa. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, betri hiyo haina safari ya mbali. Na maji yakipungua, ongeza maji ya betri, yale safi yasiyo na kitu, baada ya kuchaji, hadi juu ya sahani kama sentimita moja. Kamwe si asidi. Madukani chupa hizo mbili husimama bega kwa bega na watu hubeba yoyote. Kinachokauka kwenye betri ni maji. Asidi haiendi popote. Ukiongeza asidi unakula sahani.

Kuunga. Kosa ninalotaka ulikwepe ni kuweka chaja kando ya jenereta na kuvuta waya mrefu wa volti 12 hadi garini. Chaja iliyo mita 3 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 2.5, kwa ampea 25, inapoteza volti nzima moja njiani. Chaja inadhani imefika 14.4, betri ina 13.4, na haijai hata ukiwasha hadi Idi. Geuza mpangilio: vuta waya wa volti 230, wa njia tatu na wenye ganda gumu la mpira, kutoka jenereta hadi gari, chaja ikae ndani ya nusu mita kutoka kwenye betri, iungwe kwa waya wa shaba wa milimita 16. Hapo hasara ni chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Weka fyuzi ya ampea 40 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20. Bila fyuzi, waya ukichunika kwenye bodi ya gari betri itautia moto kabla hujafungua mlango.

Kwa kuwa betri ni mbili, toa chanya kwenye betri ya kwanza na hasi kwenye ya pili. Ukitoa zote kwenye moja, iliyo karibu inafanya kazi zaidi na kuchoka mapema. Nyaya za kuunganisha betri kwa betri ziwe sawa kwa urefu na unene. Vichwa vya betri huku pwani vinaota unga wa kijani kwa sababu ya chumvi. Osha kwa maji ya vuguvugu na magadi ya kuokea, kausha, kaza, kisha paka grisi juu.

Na uchaji asubuhi, si jioni. Saa moja asubuhi betri iko chini kabisa, nafasi ni tele ngamani, ampea 25 zote zinamezwa kwa saa 2 au 3. Jioni unachaji betri ambayo bado ina akiba, na inaanza kukukatalia mapema. Majirani kambini watakushukuru pia. Kama mnakwenda Saadani, uliza getini kwanza utaratibu wa jenereta kwenye eneo la kambi, kabla hujajipanga.

Mpangilio wa kuwasha una maana. Washa jenereta bila mzigo, iache dakika 2 au 3 mpaka sauti itulie na choki imerudi, ndipo uchomeke chaja. Kuzima ni kinyume: chomoa chaja, iache ipumue dakika moja, zima. Usiiache iishiwe mafuta ikiwa na mzigo. Inapokohoa, volti zinaruka juu na chini, na kinachopata madhara ni chaja yako mpya. Mchanganyiko kwa nyingi za aina hii ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Angalia kitabu chake kama kipo. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa: bomba moja, lita moja, bila kukisia kwa kizibo. Oili iwe iliyoandikwa 2T. Oili ya injini ya bodaboda haifai, haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli, inaacha makaa kwenye plagi na tundu la moshi. Iweke jenereta juu ya ubao, si juu ya mchanga mtupu. Feni yake inavuta mchanga.

Sasa moshi, na hapa sitanii. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua waliolala. Weka jenereta mita 6 au zaidi kutoka kwenye gari, upande ambao upepo unautoa moshi mbali, tundu la moshi likitazama nje. Isiwe chini ya turubai, isiwe nyuma ya mlango uliofunguliwa, isiwe ndani ya banda la makuti kwa kuikinga mvua. Kumbuka mchana upepo unatoka baharini na usiku mara nyingi unageuka ukatoka bara, kwa hiyo mahali palipokuwa salama saa kumi jioni panaweza kukuletea moshi kitandani saa tano usiku. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchaji asubuhi. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu jenereta ikiwa inawaka, mtoe hewani, zima, mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Betri zenyewe nazo zinatoa haidrojeni zikichaji, gesi inayolipuka: fungua madirisha, sanduku la betri liwe na tundu la juu la kupumulia nje, na pasiwe na sigara wala jiko karibu.

Turudi kwenye hesabu. Unatumia 80, jenereta inarudisha 64. Pengo la 16 linazibika kwa njia mbili, na ya kwanza ni karibu bure. Siku moja kabla ya safari, ipoze friji nyumbani kwa umeme wa TANESCO, na gandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu. Lita 6 za barafu zinapoyeyuka zinachukua joto ambalo friji ingetumia karibu AH 30 kuliondoa. Weka kipimo cha friji kwenye nyuzi 4 au 5, acha nafasi nyuma yake ipumue, egesha gari kivulini mwa mivinje au minazi. Minazi, tazama juu kwanza kabla hujaegesha.

Ya pili ni jua, na hili ningekushauri ulinunue mara baada ya chaja. Paneli moja ya wati 100 siku yenye jua inatoa AH 20 hadi 25. Lakini thamani yake haiko kwenye kiasi hicho tu. Ile asilimia 20 ya mwisho, inayotaka ampea chache kwa saa nyingi, ndiyo kazi hasa ya paneli: haina kelele, haili petroli, na ina mchana mzima wa kusubiri. Jenereta ijaze ngama asubuhi, jua lipange magunia ya mwisho hadi alasiri. Paa la Hiace linabeba wati 200 bila shida. Msimu wa masika usiitegemee peke yake. Kuna siku Tanga hulioni jua.

Injini ya gari nayo ni jenereta unayosafiri nayo. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, na chaja ya kati ya betri ya injini na betri za ndani, ya ampea 20, itakupa AH 20 hivi kabla hamjafika kwenye pantoni. Kuwasha injini imesimama kambini ili kuchaji ni jambo jingine, sikushauri. Ikiwa haina mwendo, alteneta inazunguka polepole, inatoa sehemu ndogo ya uwezo wake, na haipati hewa ya kuipoza.

Lithiamu utasikia ikisifiwa, na sifa nyingi ni za kweli. Betri moja ya AH 100 ya aina ya LiFePO4 inakupa AH 80 hadi 90 za kutumia, karibu sawa na hizo zako mbili, na inameza ampea 25 mpaka karibu ijae, bila yale magunia ya mwisho. Haidhuriki kwa kubaki nusu. Ila bei ni ya kuumiza, chaja na kontrola ya sola lazima ziwe na mpangilio wake, na kuiunga moja kwa moja kwenye alteneta kunaweza kuichoma alteneta. Kama betri zako zitafaulu mtihani wa balbu, zitumie kwanza ziishe. Zikifeli, nunua lithiamu ikiwa mnapiga kambi kila mwezi. Kama ni mara nne kwa mwaka, betri mbili za sola za maji zinatosha. Si za kuwashia gari, hata kama muuzaji anasema ni zile zile. Sahani za betri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache, na hazivumilii kushushwa hadi nusu kila siku.

Yapo mambo usiyafanye mwenyewe. Betri ikivimba, ikitoa harufu ya yai bovu, au upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, zima kila kitu, usichomoe nyaya inapochemka, fungua milango, subiri ipoe, kisha ipeleke kwa fundi betri. Asidi ikirukia jichoni, mwagia maji safi dakika 15 bila kukatisha, halafu hospitali. Multimita ikionyesha zaidi ya volti 250 kwenye tundu la jenereta, au ukipigwa shoti ukigusa bodi ya gari, usichomeke tena mpaka fundi umeme aione. Na ukiongeza inveta ya kuendesha vitu vya volti 230 ndani ya gari, mwite fundi aliyefunzwa aunge swichi ya kubadilisha kati ya inveta na jenereta. Mbili hizo zikikutana kwenye waya mmoja, inveta inaungua hapo hapo. Fundi wa kumchagua ni yule anayetoa kipimo mfukoni kabla ya kutaja bei.

Mkirudi Tanga Jumatatu jioni, usiliegeshe gari ukaingia ndani kulala. Chomeka chaja ile ile kwenye umeme wa nyumbani, saa 10 hadi 12, ili ile sehemu ya mwisho ambayo kambi haikuimaliza ijae kabisa. Asubuhi chomoa, subiri hadi jioni, pima, na uandike tarehe na volti kwenye kipande cha plasta juu ya kila betri. Safari tatu za namna hiyo, na utaona mwenyewe ni ipi inayoanza kushuka.